Mume wangu anataka mtoto ajiite Mwajemi, mavyaa yangu hataki

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Toronto, Kanada. Mume wangu ni mtu wa Iran. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa wa Shiraz, mama yake ni wa Tabriz, na yeye mwenyewe kakulia Tehran mpaka familia ilipohamia huku akiwa kijana wa sekondari. Tuna watoto wawili. Mkubwa, binti, yuko darasa la tatu, na ndiye aliyeleta barua ya shule iliyotugombanisha.

Shule inafanya siku ya tamaduni. Kila mtoto atengeneze bango la kueleza asili yake, na wazazi wajaze fomu kusema nyumbani kunazungumzwa lugha gani. Binti alimwuliza baba yake, akaambiwa aandike "Persian". Akaandika kwa herufi kubwa, akachora paka na zulia. Mavyaa yangu anakaa nasi tangu alipofiwa na mumewe. Kiingereza hajui kingi, lakini neno lile alilisoma. Akaniuliza taratibu, "Na mimi je? Mjukuu wangu kaniweka wapi?" Yeye ni Mturuki wa Tabriz, ndivyo anavyojiita, na akizungumza na ndugu zake kwa simu husema Kituruki. Mume wangu akamwambia anakuza jambo dogo. Tangu siku hiyo mama wa watu anakula mapema peke yake na kwenda zake chumbani.

Wifi yangu alipopata habari akaja juu. Yeye siku zote hujitambulisha kwa "Iranian". Akamwambia kaka yake kwamba anajificha nyuma ya mazulia kwa kuionea haya nchi yake. Mume wangu akajibu kwamba Persia ni jina la kale la heshima, la akina mfalme Koreshi, na Iran ni jina la serikali iliyowafanya waondoke. Anasema kila akilitaja hilo la pili, kazini au uwanja wa ndege, watu humtazama kwa jicho jingine.

Mimi niko katikati. Niliwaambia kwamba hata Unguja tuna Washirazi, na babu yangu mzaa baba alijiita Mshirazi mpaka anakufa, basi mtoto ni Mwajemi pande zote mbili. Mume wangu alifurahi. Mavyaa ndio kwanza akazidi kunyamaza.

Naomba unisaidie. Mtoto aseme yeye ni nani? Na lugha ya baba yake tuiite nini? Shule imeandika "Farsi", mume wangu anataka "Persian", na mama yangu akipiga simu kutoka nyumbani huuliza kama wajukuu wameshajua "Kiirani". Na zaidi ya yote, nimrudishe vipi mavyaa yangu mezani?

Mama wa wawili, Toronto

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nakujibu moja kwa moja kwa sababu bango lina tarehe yake. Watoto wako ni Wairani kwa baba na Waswahili kwa mama. Lugha ya baba yao ni Kiajemi, na ukipenda sema Kifarsi. Ya bibi yao ni Kiazeri, ambacho mwenyewe hukiita Kituruki. Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo, maana mumeo hataridhika na neno la Shangazi peke yake, na ana haki asiridhike.

Tuanze na hilo lake la kwamba Persia ndilo jina la kale na Iran ni la serikali. Wengi wanaamini hivyo, na imani hiyo imetokana na tukio la 1935. Mwaka huo serikali ya Reza Shah iliziomba nchi za nje, kuanzia sikukuu ya Nairuzi ya mwezi Machi, ziache kuandika Persia na ziandike Iran. Ulaya wakadhani nchi imebadili jina. Kwa wenyewe hakuna kilichobadilika, kwani Iran ndivyo walivyokuwa wakiiita karne kwa karne. Persia ni jina la Wagiriki. Walilitoa kwenye Parsa, jimbo moja la kusini walikotoka Koreshi na ukoo wake, wakalitandaza juu ya milki nzima. Waarabu, ambao lugha yao haina sauti ya p, wakasema Fars. Mpaka leo jimbo hilo linaitwa Fars, na mji wake mkuu ni Shiraz, kwao bavyaa yako.

Mwambie mumeo akumbuke kilichopo kwao. Kaskazini ya Shiraz, karibu na magofu ya Persepolis, kuna jabali liitwalo Naqsh-e Rostam. Humo kachongewa kaburi mfalme Dario wa Kwanza, aliyefariki mwaka 486 kabla ya Kristo, na maandishi ya kaburi hilo yanamtaja kwa majina yote mawili kwa pamoja: mtu wa Parsa, mwana wa mtu wa Parsa, kisha Mwarya wa nasaba ya Kiarya. Neno hili la pili, ambalo Ulaya ya karne ya 20 ililichafua vibaya sana, ndilo lililozaa jina Iran. Mbele ya jabali hilohilo kuna jengo la mawe ambalo ukutani mwake mfalme Shapur wa Kwanza, katika karne ya 3 baada ya Kristo, aliandikisha kwamba yeye ni bwana wa Eranshahr, yaani milki ya Iran. Naye pia ukoo wake ulitoka Fars. Na mshairi Ferdowsi, alipokamilisha utenzi wake wa wafalme karibu na mwaka 1010, mashujaa wake walikuwa wakiipigania Iran ubeti baada ya ubeti. Waliotawala tangu mapinduzi ya 1979 walilikuta jina hilo limeshazeeka. Mumeo akiwaachia wao, atakuwa amewapa kitu ambacho hawakukitengeneza.

Kwa ajili ya haki niseme pia kwamba mwaka 1959 serikali ya Shah Mohammad Reza ilikubali nje yatumike majina yote mawili, baada ya wasomi wake kulalamika kwamba dunia imeanza kusahau kuwa Iran ya magazetini na Persia ya vitabuni ni nchi moja. Kwa hiyo mumeo hana kosa la lugha akisema "Persian". Tatizo liko kwa nani anaachwa nje ya neno hilo.

Hapo tunafika kwa mavyaa yako. Iran ina Wafarsi, ambao ndio wengi, na ina Waazeri, Wakurdi, Wagilaki, Wamazandarani, Waluri, Wabaluchi, Waarabu wa Khuzestan, Waturkmeni, Waarmenia na Waashuri. Wote hao ni Wairani. Lakini mtu akisema "Persian" kwa maana ya watu, wengine wataelewa raia wote, kama Waingereza wa zamani walivyolitumia, na wengine watasikia Mfarsi peke yake. Mavyaa yako kasikia hilo la pili, na kwa umri wake na mji aliotoka sioni vipi angesikia vingine. Msichana wa Tabriz wa zama zake alipokwenda shule alikuta kila kitu ni Kiajemi. Lugha aliyozungumza na mama yake hakufundishwa kuisoma wala kuiandika darasani. Katiba ya 1979, ibara ya 15, inaruhusu fasihi za lugha za makabila zifundishwe shuleni pamoja na Kiajemi, na Waazeri wengi wanalalamika mpaka leo kwamba ruhusa hiyo haijatoka kwenye karatasi. Mtu aliyepita huko anafika Toronto, anafiwa na mume, anahamia kwa mwanawe, kisha anakuta hata bango la mjukuu limeandikwa jina la upande mmoja. Halafu anaambiwa anakuza jambo. Hapo mumeo alimkosea mama yake, na lazima umwambie hivyo mkiwa wawili.

Wala asidhani kwamba mama yake anaikana Iran. Tabriz ilikuwa mji mkuu wa kwanza wa Wasafavi, ukoo wa wafalme wa Iran. Mwaka 1501 Shah Ismail alivikwa taji pale, naye akitunga mashairi yake kwa Kituruki, na ukoo huo ndio ulioikusanya Iran chini ya dola moja tena. Mwaka 1908, mfalme wa wakati huo alipolipiga bunge la Tehran kwa mizinga, Tabriz ndiyo iliyosimama na kiongozi wake Sattar Khan kuitetea katiba ya Iran nzima, ikazingirwa mpaka watu wakafa njaa. Na Shahriar, mshairi wa Tabriz aliyefariki 18 Septemba 1988, alitunga kwa Kiazeri na kwa Kiajemi, akapendwa kwa zote mbili kiasi kwamba tarehe ya kufa kwake imefanywa siku ya kitaifa ya ushairi na fasihi ya Kiajemi. Siku ya fasihi ya Kiajemi imewekwa kwa jina la Mturuki wa Tabriz! Hata zulia alilochora binti yako, mwulize mavyaa yako habari zake. Tabriz ni miongoni mwa miji mashuhuri kabisa kwa ufumaji wa hayo mazulia ambayo dunia inayaita ya Kiajemi.

Baada ya kusema hayo, sikubali maneno ya wifi yako. Kumwambia mtu kwamba anaionea haya nchi yake ni kumpiga palepale panapomuuma. Tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa, na Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Marekani nzima ikawa inawaona kwenye televisheni kila usiku. Wairani waliokuwa huko, wengi wao wanafunzi na watu walioikimbia serikali hiyohiyo, wakajikuta wanatukanwa njiani. Hapo ndipo wengi walipoanza kusema "Persian". Aliyeuliza alifikiria paka, mashairi na mazulia, akaondoka bila maswali. Watoto wao wamelirithi neno hilo kama lilivyo. Na nyinyi mko Toronto, mnajua vilio vya Januari 2020, ndege ya abiria iliyotoka Tehran ilipotunguliwa kwa makombora ya jeshi la Walinzi wa Mapinduzi, wakafa wote 176, wengi wao wakiwa safarini kuja Kanada. Mtu anayetaka kuweka umbali kati ya jina lake na waliofanya hivyo, mimi simwiti mwoga.

Sisi wa Unguja tungekuwa wa mwisho kumhukumu. Waingereza walipofanya sensa ya 1924, watu wengi sana visiwani waliandikwa Waswahili. Ilipofika ile ya 1931, idadi ya Waswahili ilikuwa imeporomoka, na wengi wa watu walewale, katika vijiji vilevile, wakawa wanahesabika kwa majina mengine, Washirazi wakiwemo. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kuchukuliwa kama alama ya asili ya utumwa, na mkoloni alikuwa akigawa heshima na haki kwa kuangalia kabila la mtu. Babu zetu walichagua jina lililowapa nafasi ya kupumua. Mumeo kafanya jambo la namna hiyo.

Ila kuna jambo moja ningependa alitafakari. Septemba 2022, baada ya msichana wa Kikurdi, Mahsa Amini, kufariki mikononi mwa polisi wa maadili Tehran, watu walitoka barabarani kuanzia Saqqez kwao mpaka Zahedan kwa Wabaluchi na Tabriz kwa Waazeri. Msichana huyo nyumbani alikuwa akiitwa Jina, jina la Kikurdi, na kaulimbiu iliyozagaa nchi nzima, "Mwanamke, Maisha, Uhuru", ilitoka kwa Wakurdi. Waliokuwa wakiikataa serikali hawakulitupa jina la Iran. Walilidai kwamba ni lao, na neno lililowakusanya Mkurdi, Mbaluchi na Mfarsi lilikuwa hilo. Sioni neno jingine ambalo lingeweza.

Kuhusu lugha nitakuwa mfupi zaidi, kwa kuwa hapa mumeo ana haki zaidi kuliko shule. Wenyewe wanaiita Farsi. Kwa Kiingereza jina lake la asili ni "Persian", na Akademia ya Lugha na Fasihi ya Kiajemi ya Tehran imeshauri kwamba kila lugha ya kigeni iendelee na jina ililolizoea. "Farsi" ilienea kwenye Kiingereza zaidi baada ya wahamiaji kuongezeka, na kila mtu anaielewa. Kwa Kiswahili tumezoea Kiajemi tangu zamani, na Kifarsi nacho kimekubalika. Kama fomu ina kisanduku cha "Farsi", kitieni alama na muendelee na maisha. Hakuna anayeumizwa na hilo.

Kiirani ndicho kisichofaa, na mweleze mama yako kwa upole. Lugha hiyo si ya Iran peke yake. Afghanistan wanaizungumza na kuiita Dari, jina lililowekwa kwenye katiba yao ya 1964. Tajikistan wanaizungumza, wakiiandika kwa herufi za Kirusi na kuiita Kitajiki. Rudaki, anayeheshimiwa kuwa baba wa ushairi wa Kiajemi, alizaliwa katika Tajikistan ya leo. Kuiita Kiirani mbele ya Mwafghani ni kama kumwambia Mkongo wa Bukavu kwamba anazungumza Kitanzania. Tena wataalamu wa lugha wanaposema lugha za Kiirani wanakusudia familia nzima yenye Kikurdi, Kipashto, Kibaluchi na nyinginezo, wakati Kiazeri cha mavyaa yako, kinachozungumzwa na mamilioni ndani ya Iran, hakimo kwenye familia hiyo kabisa. Kwa hiyo neno hilo linawachanganya wote.

Na Mwajemi? Kwa Kiswahili ni neno letu la siku nyingi, limo hata kwenye Biblia, Koreshi mfalme wa Uajemi, na Ghuba ya Uajemi ndivyo tunavyoiita. Lina asili ya Kiarabu, ambako Ajam alikuwa mtu asiye Mwarabu, asiyesema kwa ufasaha, na wapo Wairani wasiopenda kulisikia, ingawa Bahrain na Kuwait wananchi wenye asili ya Iran hujiita Ajam kwa fahari. Mimi ningekushauri, ukizungumza na watu wa nyumbani, useme Mwirani kwa mtu aliye hai na uiache Uajemi kwa lugha na kwa historia.

La Ushirazi wa babu yako, lienzi lakini liondoe kwenye ugomvi huu. Si hadithi tupu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, Makunduchi wanakoga mwaka mpaka leo, na utafiti wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya miji ya kale ya pwani, uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature, ulikuta kwa wengi asili ya Uajemi kwa upande wa baba na ya Afrika kwa upande wa mama. Lakini Mshirazi wa Unguja ni mtu wa Unguja. Lugha yake Kiswahili, chama chake kilikuwa Afro-Shirazi, na makaburi ya wazee wake yako Unguja. Ulipouleta mezani, mavyaa yako aliona umeongeza Mfarsi mwingine upande wa mwanawe. Mwambie hukukusudia hivyo.

Sasa kazi. Ya kwanza ni ya mumeo. Aende kwa mama yake peke yake, bila wewe na bila dada yake, amtake radhi kwa lile neno la kukuza jambo. Hilo huwezi kumfanyia, na ukijaribu kulifanya wewe mama ataona mwanawe kakutuma. Akishatoka, ndipo binti aingie na karatasi mpya, amwombe bibi amsimulie habari za Tabriz na amwandikie jina la mji huo kwa mkono wake. Bango liandikwe kwamba baba ni wa Iran, watu wa Shiraz na Tabriz, na mama ni wa Zanzibar. Ramani mbili zitaenea vizuri, na paka abaki, mtoto kampenda.

Kwenye fomu, mahali pa lugha za nyumbani, andikeni zote: Kiswahili, Kiajemi, Kiazeri na Kiingereza. Shule nyingi huko hutumia orodha hiyo kutafuta wakalimani wa kikao cha wazazi, na mavyaa yako akitaka kuhudhuria siku ya tamaduni atahitaji mtu wa kumfasiria.

Mumeo akiwa kazini aendelee kujiita anavyotaka. Na wifi yako akija Ijumaa mwombe, kwa jina langu, asiligusie jambo hilo mbele ya watoto mpaka kaka yake alianzishe mwenyewe.